Baba wa Dirishani

Kaka yangu ni dereva wa malori ya safari ndefu, na mtaa wote unamwita Masafa. Jina lake la kuzaliwa tunalijua mimi, mkewe na askari wa mpakani. Ni mtu mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, na mkono wake wa kulia ni mweusi kuliko wa kushoto kwa sababu ndio unaokaa nje ya dirisha.

Mimi ni seremala. Nyumba yangu na yake zinatazamana ndani ya ua mmoja. Mbele ya ua iko karakana yangu, na mbele ya karakana ni barabara kuu. Sijaoa, na mtaa mzima umeshachoka kunitania kwa hilo. Nikisikia watu wanagombana huwa nawasha randa ya umeme ili wajue sisikilizi.

Kaka ana watoto wawili, wote wa kike. Mkubwa yuko darasa la saba. Mdogo hajaanza shule, ni kitinda mimba, na kwa jinsi alivyo wa mviringo tunamwita Kifungo. Kifungo anashinda karakanani kwangu akichezea maranda. Ananiita baba mdogo, na akija mtu yeyote mlangoni yeye ndiye anayepiga kelele: "Baba mdogo, kuna mteja!"

Maisha ya kaka yalikuwa hivi. Lori lake lilikuwa na kichwa cha buluu na tela refu. Alifunga honi ya upepo aliyoitoa kwenye gari bovu, na hapakuwa na lori lingine lenye sauti ile. Akifika kona ya chini, penye kituo cha mafuta, alikuwa anapiga mbili fupi na moja ndefu. Basi watoto wanatoka mbio, shemeji nyuma yao anafunga kanga vizuri. Barabara yetu haina pa kuegesha lori lenye tela, kwa hiyo kaka anasimama mbele ya karakana yangu injini ikiunguruma, anateremsha kioo, na mkono unatoka na mfuko wa vitunguu, au nanasi, au jozi ya viatu.

"Hamjambo?"

"Hatujambo!"

"Mnasoma?"

"Tunasoma!"

"Haya, baba anawahi mizani."

Na lori linaondoka. Safari ikiisha analipeleka yadi ya tajiri wake, huko upande mwingine wa mji, anarudi nyumbani na basi, anaingia chumbani na kuanguka kama gogo. Siku zake za mapumziko zilikuwa za usingizi. Mchana shemeji anawaambia watoto, "Nyamazeni, kuna mtu amelala." Sisi wakubwa tulijua huyo mtu ni nani. Haikutujia hata siku moja kwamba Kifungo hajui.

Siku ya tukio lenyewe kaka alikuja mchana, kwa miguu, na begi dogo begani. Mimi nilikuwa napiga randa mbao za mlango. Kifungo akainua kichwa kutoka kwenye maranda.

"Baba mdogo, kuna mteja!"

Kaka akacheka mpaka akaliweka begi chini. "Mteja? Nimekuja kununua nini sasa?"

Kifungo akamtazama kuanzia viatu hadi kofia. "Kitanda," akasema. "Kirefu."

Tulicheka wote wawili. Shemeji akatoka jikoni kwa zile kelele, akamwona mumewe, akamshika mtoto kichwa na kumgeuza. "We mtoto, huyu ni baba yako. Msalimie baba." Kifungo akasalimia. Alimpa mkono kwa adabu, kama mtoto anayeambiwa huyu ni shangazi yako wa mbali, kisha akarudi kwenye maranda yake.

Nilimwona kaka akiendelea kutabasamu baada ya kicheko kuisha. Tabasamu lilibaki usoni kama kitu kilichosahauliwa pale.

Alikuwa na habari. Aliketi juu ya benchi langu la kazi akanieleza. Tajiri amenunua malori mapya, na moja anataka kumpa yeye. Si safari za kawaida. Ni kupeleka mashine migodini, kuvuka mipaka miwili, kukaa huko akihamisha mizigo kutoka mgodi hadi mgodi, na kurudi nyumbani mara mbili tu kwa mwaka. Mshahara mnono. Na angekuwa kiongozi wa msafara, yaani malori mengine yote yanafuata la kwake.

"Kabini ina friji, mdogo wangu. Friji! Kiti kinapanda na kushuka chenyewe."

"Na lile la buluu?"

"Amepewa Kobe."

Kobe ni dereva mwenzake, mnene, mpole, aliyepata jina lile kwa mwendo wake. Madereva wengine wanasema ukimfuata Kobe nyuma unaweza kushuka, ukanywa chai, ukarudi garini.

"Umeshamjibu tajiri?" nikauliza.

"Anataka jibu Jumamosi. Nimeomba nije kwanza nikae na mama watoto tuzungumze. Lakini kuzungumza gani? Nafasi kama hii dereva anaipata mara moja. Nikikataa, vijana watanicheka mpaka nizeeke."

Kwa kweli nilidhani ameshaamua.

Chakula kilipoiva tulikaa mkekani chini ya ukuta, kwenye kivuli. Mkubwa alikuwa shuleni. Kaka alimweka Kifungo mbele yake, akawa anammegea vipande vidogo na kumpulizia. Kifungo alikuwa ameshaanza kumzoea. Alimwuliza kwa nini mkono mmoja ni mweusi na mwingine umepauka, na kaka akamwambia mmoja alizaliwa nao, mwingine aliazima. Shemeji alicheka kwa sauti. Nilijisemea moyoni, tazama, hii ndiyo nyumba.

Ndipo honi ikalia. Mbili fupi na moja ndefu.

Kifungo aliruka kama amechomwa. Sahani ilipinduka. "Baba!" akapiga kelele, na uso wake ulikuwa umewaka vile ambavyo haukuwaka mchana wote. "Mama, baba amekuja! Baba amekuja!" Na akamruka baba yake miguuni, akakimbia kuelekea barabarani.

Kaka alibaki na tonge mkononi. Nilimtazama, naye alinitazama mimi, si mtoto. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukiwa mtupu kiasi kile. Mimi mwenyewe nilihisi kama mtu aliyeondolewa kiti anapokaa. Tulikaa hivyo kwa muda ambao sitajisamehe urefu wake, ingawa labda ulikuwa pumzi moja tu.

Kisha kaka akasema kwa sauti ndogo, "Kobe hasimami."

Nilikuwa sijaelewa. Yeye alikuwa ameshainuka. Kobe alikuwa anapita tu na lori la buluu kwenda kupakia mzigo, na kwa wema wake alipiga honi kuisalimu familia ya rafiki yake, jinsi alivyomsikia akipiga miaka yote. Hakuwa na sababu ya kusimama mbele ya karakana yangu. Na mtoto alikuwa anakimbilia palepale ambapo lori husimama.

Nilifika mlango wa karakana nikaona yote. Kifungo alisimama ukingoni mwa lami akiwa ameinua mikono, kama kawaida yao. Lori lilikuja bila kupunguza mwendo. Mtoto akaona baba amesahau, basi akaingia barabarani kumkumbusha.

Kuna jambo kaka aliwahi kunieleza, kwamba dereva wa lori kubwa haoni kitu kifupi kikishafika chini ya pua ya gari. Anaona mbali sana, lakini mbele ya miguu yake ni kipofu. Mimi ningemkimbilia mtoto. Mtu yeyote angemkimbilia mtoto. Kaka hakufanya hivyo. Alikatiza juu ya rundo langu la mbao, akaingia barabarani chini zaidi, akasimama katikati ya njia, akiwa peku, akiwa ameinua mikono yote miwili juu kabisa na kuikunja ngumi, ishara yao madereva ya kusimamisha gari. Alijua Kobe hawezi kumwona mtoto. Lakini mtu mrefu aliyesimama mbele yake atamwona.

Breki zilipiga kelele. Tela likayumba, likanyooka. Ule mwendo wa Kobe ambao watu wanaucheka siku zote, mimi tangu siku ile siucheki. Lori lilisimama, likatoa upepo kwa mshindo, na vumbi likatufunika sote. Pua ya gari ilikuwa karibu na kifua cha kaka kiasi kwamba aliweka mikono yake juu yake kama anaizuia.

Nilidhani jambo limekwisha. Halikuwa limekwisha.

Kifungo alikuja kutoka nyuma ya kaka, ameghadhibika, machozi na vumbi vimechanganyika mashavuni. Akaanza kumpiga kaka miguuni kwa ngumi zake ndogo.

"Toka! Toka njiani! Unamzuia baba yangu!"

Kaka hakusogea.

"Mwache baba apite! We mteja, toka!"

Shemeji alikuwa ameshafika. Aliweka mkono mdomoni na hakuutoa. Watu wa kituo cha mafuta walikuwa wamesimama. Mama muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara, mwenye neno kwa kila jambo, siku hiyo alijifunika kanga usoni.

Mlango wa lori ukafunguka, Kobe akateremka akishikilia kila kitu alichoweza kushika. Alipofika chini alikaa kwenye ngazi ya gari.

"Masafa," akasema. "Masafa ndugu yangu. Sikumwona. Wallahi sikumwona."

"Najua," kaka akasema.

Kifungo aliacha kupiga. Alimtazama Kobe, akatazama dirisha lililo wazi juu, akamtazama Kobe tena.

"Wewe si baba."

"Mimi siye, mwanangu."

"Baba yuko wapi?"

Kobe akanyoosha kidole kumwelekea kaka. "Si ndiye huyu hapa."

Mtoto akamtazama kaka. Alimtazama vizuri, kwa utulivu, kwa muda. Halafu akatikisa kichwa na kumgeukia mama yake, na ndipo alipolia kilio cha kweli, kile cha mtoto aliyepotelewa.

Magari yalikuwa yameanza kupanga foleni nyuma na kupiga honi. Kaka alipanda kwenye lori, akachukua spana chini ya kiti anapojua ilipo, na mbele ya foleni yote akaifungua ile honi na kuishusha. Hakuna aliyemwuliza. Kobe aliondoka na lori lisilo na sauti, taratibu kuliko hata mwendo wake wa kawaida.

Jioni ile kaka na shemeji walikuja karakanani. Ndani ya nyumba kulikuwa na watoto, na hapakuwa na pengine. Nilitaka kutoka, shemeji akaniambia, "Kaa, fundi. Na hiyo randa usiiwashe."

Nikakaa.

"Sitakwenda migodini," kaka akasema. "Jumamosi namwambia tajiri hapana. Safari zote basi."

Nilitegemea shemeji afurahi. Hakufurahi. Alikuwa anaokota maranda moja moja kutoka kwenye benchi na kuyaweka kwenye kiganja.

"Umeogopa," akasema.

"Sasa wewe hukuogopa?"

"Naogopa mpaka sasa. Ndiyo maana nasema usiamue leo. Woga utaisha, baba watoto. Ukiisha utaanza kukaa pale nje unaitazama barabara. Utakuwa mtu wa kununa. Na mimi sitaki mtu wa kununa ndani ya nyumba yangu."

"Nyumba yako?"

Shemeji aliacha kuokota. Nadhani neno lile lilimshtua yeye kuliko sisi. Alifungua mdomo kulirekebisha, akaufunga, kisha akaamua kusema kweli.

"Ndiyo. Nimezoea. Bati likivuja namwita fundi. Mtoto akipandwa na homa tunakwenda na fundi. Mkubwa alipoanza mambo ya kike nilimweleza mwenyewe, na wewe nilipokupigia simu nilisikia upepo tu, 'haloo, haloo, nipo mlimani.' Nilikuwa nalia zamani. Siku hizi silii. Nimekwambia nimezoea, sikukwambia sikutaki."

"Kwa hiyo mkiwa na fundi mimi wa nini?"

Mimi nilitazama sakafu. Nilitamani ardhi inimeze, na sakafu ya karakana yangu ni saruji.

"Muulize mwenyewe," shemeji akasema.

Kaka akanigeukia. "Ulijua hanijui?"

"Sikujua," nikasema. Na ndiyo ilikuwa kweli. "Nilidhani anaposema baba anakusema wewe."

"Alikuwa ananisema mimi," kaka akasema. "Mimi wa kule juu. Kuanzia kifuani." Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Mtoto wangu hajawahi kujua kama nina miguu."

Mwishowe shemeji akaweka yale maranda mkononi mwa mumewe, sijui kwa nini, na akasema, "Fikiri mpaka Jumamosi. Ukibaki, ubaki kwa kuwa unataka kukaa. Kukaa ni kazi pia. Mimi naifanya, naijua."

Siku zilizofuata kaka alizunguka uani kama mtu aliyepoteza funguo. Alijaribu kumsaidia Mkubwa hesabu za shule, wakagombana. Alikaa mlango wa jiko mpaka shemeji akamtuma dukani kwa kitu ambacho hakikuhitajika. Kifungo alimpita kwa mbali, kama mtoto anavyompita mbwa asiyemjua. Na kaka hakumshika kwa nguvu wala hakumnunulia pipi. Hilo nililiona na nikamheshimu.

Jumamosi aliniomba nimsindikize. Yadi ya tajiri ni uwanja mkubwa wenye mafuta meusi ardhini, na lori jipya lilikuwa limeegeshwa katikati, jeupe, bado plastiki kwenye viti. Kaka alilizunguka mara moja. Alipanda, akakaa, akaushika usukani. Nilisimama chini nikimtazama dirishani na nikaingiwa na wasiwasi, maana alipendeza pale. Alikuwa mtu mzima kamili. Kama angewasha moto na kuondoka nisingemlaumu.

Alishuka akafunga mlango polepole, kama wa chumba chenye mgonjwa.

Tajiri alikuwa ofisini, miguu juu ya kreti ya soda, anakula karanga.

"Masafa! Umeliona? Lini unaondoka?"

"Siendi, tajiri."

Karanga zilisimama njiani. "Unaumwa?"

"Hapana."

"Umepata tajiri mwingine."

"Hapana."

"Basi mke."

"Mke yeye kaniambia nifikiri vizuri. Ni mtoto."

"Anaumwa?"

"Mzima kabisa. Hanijui."

Tajiri alitutazama sote wawili kuona kama tunamtania. "Hakujui? Masafa, mimi mtoto wangu ana miaka ishirini na minane, nakaa naye nyumba moja, na yeye hanijui. Hiyo ni sababu ya kukataa gari jipya?" Alicheka peke yake. Kisha aliona hakuna anayecheka naye, akaishusha miguu kutoka kwenye kreti na kuangalia nje ya dirisha kwa muda.

"Gari nitampa Kobe," akasema. "Kwako nina tipa la kokoto tu. Machimboni na kurudi, machimboni na kurudi. Ile kazi ya wazee. Na mshahara wake unaujua."

"Naujua."

"Watakucheka."

"Wameshaanza," kaka akasema, na ilikuwa kweli, maana mafundi wa yadi walikuwa wamejazana mlangoni na mmoja wao ameshamwita Kokoto.

Tulirudi na basi. Shemeji alikuwa karakanani kwangu, amekaa juu ya mlango niliokuwa nautengeneza, na Kifungo kando yake.

"Umesemaje?"

"Nimemwambia ampe mwingine. Mimi nachukua tipa."

Shemeji alimtazama, akashika shavu. "Uu! Kwa hiyo utakuwepo kila siku? Kila siku ya Mungu?"

"Kila jioni."

"Na hizo nguo zenye vumbi la kokoto nani atafua?"

"Nitafua mwenyewe."

"Haya, tumesikia sote. Fundi ni shahidi." Alikuwa anacheka, lakini hakusogea kutoka pale alipokaa. Aliogopa. Nilielewa kwamba hakuamini angelisikia neno lile, na sasa amelisikia hajui alipokee kwa mkono gani.

Kifungo alikuja akasimama nyuma ya mguu wangu. Akanivuta suruali. Niliinama.

"Baba mdogo," akaninong'oneza, "huyu baba ataondoka lini?"

"Muulize mwenyewe."

Hakutaka. Kaka alikuwa amesikia. Alichuchumaa palepale mlangoni, magoti yake yakalia, akangoja. Hakuita, hakunyoosha mkono. Tulingoja wote. Lori likapita nje, na mtoto akalitazama, kisha akatoa kichwa kutoka nyuma ya mguu wangu.

"Utaondoka lini?"

"Siondoki," kaka akasema. "Asubuhi nakwenda kazini, jioni narudi."

Kifungo aliyafikiria hayo. Halafu akaniinulia uso mimi, kuniuliza kwa macho kama mtu huyu anasema kweli.

Kaka aliona. Niliitikia kwa kichwa, haraka, bila kumtazama kaka usoni.